UHAI NDANI YA BARAFU

Sisi wa Igunga barafu twaijua ile ya madukani tu, iliyogandishwa kwa mashine. Mtu akituambia kwamba ndani ya barafu ya milimani mna viumbe hai, twadhani atutania. Lakini ni kweli, wala jambo lenyewe si gumu kulielewa.

Kila kiumbe huhitaji chakula, na katika kila chakula mna kaboni. Upepo hupeperusha vumbi, chavua, masizi ya moto wa nyika na mabaki ya wadudu, ukavitua juu ya theluji. Theluji mpya huvifunika, na miaka ipitapo hugandamana ikawa barafu. Hiyo ndiyo akiba ya bakteria, viumbe wadogo wasioonekana ila kwa hadubini. Barafu ikiwa kavu na ngumu, wengi wao hutulia kama waliolala. Yakipatikana maji kidogo, huamka. Mfano wake ni mbuga ya Wembere: wakati wa kiangazi udongo hupasuka ukaonekana umekufa, lakini mvua za kwanza zikinyesha, majani huchipua na vyura hulia.

Hata chini kabisa ya barafu wamo. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walitoboa barafu ya Antaktika yenye unene wa mita 800 hivi, wakafikia Ziwa Whillans, ambalo halipati mwanga wa jua. Katika kila mililita ya maji yake walikuta bakteria wapatao 130,000. Baadhi yao hula kaboni ya matope ya kale. Wengine hupata nguvu kutokana na madini.

Kwetu Afrika Mashariki pia uhai huo upo. Mwaka 2014 wataalamu, wakiongozwa na Mjapani Jun Uetake, walitangaza kwamba juu ya barafu ya Milima ya Rwenzori, Uganda, wamekuta vidonge vya mimea midogo sana, jamii ya ile iotayo juu ya mawe yenye unyevu.

Na Kilimanjaro je? Mwaka 2000 Lonnie Thompson na wenzake walichimba nguzo sita za barafu huko Kibo. Barafu ya chini kabisa waliikadiria kuwa na umri wa miaka 11,700. Tabaka moja la vumbi liliwaonyesha ukame mkubwa wa miaka 4,000 hivi iliyopita. Basi barafu hiyo ni kitabu cha habari za mvua na ukame, na sisi watu wa nchi kavu twajua thamani yake.

Lakini kitabu hicho kinapotea. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilienea zaidi ya kilomita 11 za mraba. Mwaka 2011 hazikufika 2. Ikiyeyuka, vumbi, kaboni na bakteria wake huchukuliwa na maji, wala hakuna awezaye kuvirudisha mahali pake. Kwa hiyo, wenzangu mpendao Biolojia na Jiografia, someni kwa bidii. Kurasa zilizobaki zinahitaji wasomaji, na yafaa baadhi yao watoke kwetu.

Mwanafunzi, Kidato cha IV