Usimamizi wa Hali ya Kipindi Wakati wa Kupandisha Toleo la Kiunzi cha Wavuti cha Java: Mfano wa Spring Boot 2 kwenda 3

Itifaki ya HTTP haina kumbukumbu. Kila ombi linalofika kwenye seva huhesabiwa kuwa jipya. Ili mtumiaji asilazimike kutoa nywila kila anapofungua ukurasa, programu za wavuti za Java huhifadhi taarifa zake katika kipindi, na kivinjari hubeba utambulisho wa kipindi hicho ndani ya kidakuzi. Taarifa hizo ndizo hali ya kipindi. Makala haya yanafafanua yanayoipata hali hiyo kiunzi kinapopandishwa kutoka Spring Boot 2 kwenda 3. Hoja kuu ni kwamba kipindi huweza kuishi muda mrefu kuliko msimbo uliokiunda. Kwa hiyo hakina budi kushughulikiwa kama data inayohamishwa.

Spring Boot 3.0, iliyotolewa Novemba 2022, ilidai Java 17 na kuhamia Jakarta, ambapo majina ya vifurushi vya Servlet yaliyoanza na javax yalianza na jakarta. Badiliko hili huwashughulisha wasanidi kwa siku nyingi, lakini halijifichi, kwa kuwa msimbo usiorekebishwa hukataliwa kabla programu haijaanza kutumika. Hatari zinazojificha ni tatu.

Ya kwanza inahusu vipindi vilivyokwisha kuhifadhiwa. Spring Session inapotumia Redis, kwa mpangilio wake wa msingi kila objekti hugeuzwa kuwa mfuatano wa baiti kwa utaratibu wa Java. Pamoja na baiti hizo huandikwa namba ya toleo la klasi, serialVersionUID. Namba iliyohifadhiwa isipolingana na ya klasi inayosoma, Java hutoa hitilafu ya InvalidClassException. Namba hiyo katika klasi za msingi za Spring Security ilibadilika kutoka toleo la 5 kwenda la 6. Hivyo, mtumiaji aliyeingia kabla ya mabadiliko hupokea hitilafu ya seva kwa kila ombi, hadi rekodi yake iishe muda au kidakuzi kifutwe. Pale ambapo seva za zamani na mpya hufanya kazi kwa pamoja, tatizo huja na kuondoka kutegemea seva iliyopokea ombi, na chanzo chake huwa kigumu kubainika.

Ya pili haitoi hitilafu yoyote. Katika toleo la 5, utambulisho wa mtumiaji aliyethibitishwa ulihifadhiwa katika kipindi bila kuamriwa, mwishoni mwa kila ombi. Katika toleo la 6, kichujio cha SecurityContextHolderFilter husoma tu. Kuhifadhi ni wajibu wa msimbo unaomthibitisha mtumiaji. Fomu ya kuingia ya kiunzi chenyewe hutimiza wajibu huo, lakini kichujio kilichoandikwa na msanidi huenda kisiutimize. Mtumiaji hukubaliwa, kisha katika ombi linalofuata huonekana mgeni.

Ya tatu ni ya kiusalama. Mshambuliaji anaweza kumpachikia mtumiaji utambulisho wa kipindi anaoujua, kisha kusubiri aingie. Kinga yake ni kubadilisha utambulisho huo mara baada ya uthibitishaji. Katika toleo la 5, SessionManagementFilter iliweza kutoa kinga hiyo kwa niaba ya kichujio cha msanidi kilichoitangulia. Katika toleo la 6 haitumiki kwa mpangilio wa msingi. Msanidi anayetatua tatizo la pili kwa kuhifadhi utambulisho pekee huona programu ikifanya kazi, ilhali ameacha mlango wazi.

Hatua za kukabiliana na hatari hizi huanza kabla ya kupandisha toleo. Spring Security 5.8 huruhusu kuwasha requireExplicitSave, hivyo tabia mpya hupimwa ndani ya toleo la zamani. Vipindi vya matoleo mawili navyo vitenganishwe kwa kubadilisha kitangulizi cha funguo katika Redis pamoja na jina la kidakuzi. Gharama yake ni kila mtumiaji kuingia upya. Kutumia JSON hupunguza utegemezi kwa namba za toleo, lakini hakuuondoi kabisa iwapo majina ya klasi huandikwa ndani yake.

Gharama hiyo haiwi sawa kwa wote. Chukulia mwanafunzi aliyefika ukurasa wa nne wa fomu ya maombi ya mkopo siku ya mwisho ya kupokea maombi. Ikiwa majibu yake yamo katika kipindi tu, kutenganisha vipindi kunayapoteza yote. Yakiwa yamehifadhiwa kama rasimu katika hifadhidata, atapoteza dakika moja ya kuingia upya. Kwa hiyo, kipindi kibebe utambulisho na maandishi mafupi tu, na kila kisichostahili kupotea kihifadhiwe kwingine.

Mwisho, majaribio yasiishie kwenye programu iliyoanza bila kipindi chochote. Yasome kipindi kilichoandikwa na toleo la zamani, yathibitishe kuwa ombi la pili linamtambua mtumiaji, na yahakikishe kuwa utambulisho wa kipindi baada ya kuingia si ule wa awali.