Ng'ombe anatupa mimba, mchunguzeni na mbwa

Wadau, wafugaji wa Dongobesh, Haydom, Katesh na kwingineko Mbulu na Hanang' hili mnalijua. Ng'ombe kanona, anakula vizuri, homa hana, halafu mimba ya miezi mitano au sita anaitupa. Wengine wanasema karogwa, wengine kapigwa pembe na mwenzake. Inawezekana ni kimelea.

Kinaitwa Neospora. Kilionekana kwanza kwa mbwa huko Norway mwaka 1984, na mwaka 1998 ikathibitika kuwa mbwa anakisambaza. Iko hivi: mbwa anakula kondo la nyuma au ndama aliyetupwa, kisha anajisaidia malishoni au karibu na maji. Ng'ombe akila majani yale, kimelea kinaingia.

Njia ya pili ndiyo mbaya zaidi. Ng'ombe mwenye kimelea anamwambukiza ndama tumboni. Mtamba anazaliwa mzuri tu, unamfurahia, kumbe kakibeba maisha yake yote na atamrithisha mwanawe. Kwa hiyo mila yetu ya kukabidhiana ng'ombe ni nzuri, ila mtamba wa ukoo huo akihamia boma jingine, kimelea nacho kimehamia.

Msidhani ni mambo ya Ulaya. Utafiti uliotolewa 2019 kuhusu ng'ombe wa kaskazini mwa Tanzania ulionyesha kuwa takriban mmoja kati ya watano alishaambukizwa.

Dawa ya kumponya ng'ombe hakuna, na chanjo dukani hakuna. Kilichobaki ni kuzuia:

- Kondo na ndama aliyetupwa vichomwe au vifukiwe shimo refu. Mbwa asipewe!
- Mbwa wasijisaidie kwenye maji na malisho.
- Ng'ombe anayetupa mimba kila mara, usifuge mitamba yake. Auzwe wa nyama.

Angalizo: Neospora haijulikani kuugua binadamu, lakini brucela na Homa ya Bonde la Ufa nazo hutupisha mimba, na hizo zinatupata sisi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Usishike kwa mikono mitupu, mwite afisa mifugo wa kata mapema achukue sampuli.

Jamani, mimba moja ikitupwa ni ndama hakuna, maziwa hakuna, ada ya mtoto inayumba.

Haya wadau, huko kwenu kondo la nyuma linaenda wapi? Tuambizane.