Dola, faranga na shilingi: hesabu ya bei katika duka la mtandaoni la Butembo na Beni

Biashara ya Butembo, iliyojengwa kwa miongo kadhaa juu ya makontena yanayonunuliwa Dubai na Guangzhou, kushushwa Mombasa na kuingia Kongo kupitia mpaka wa Kasindi, huhesabiwa kwa dola ya Marekani, ilhali mnunuzi wa rejareja, huko na Beni vilevile, mara nyingi hulipa faranga za Kongo, na karibu na mpaka hata shilingi za Uganda. Muuzaji wa sokoni huulizia kiwango cha siku kwa wabadilishaji fedha, akapiga hesabu kichwani. Programu ya duka la mtandaoni haina budi kuelezwa yote hayo waziwazi.

Kosa la kwanza hutokana na kompyuta yenyewe. Namba zenye desimali huhifadhiwa kwa mfumo wa jozi, yaani wa tarakimu 0 na 1, ambao hauwezi kuiandika 0.1 kikamilifu, hivyo 0.1 ikijumlishwa na 0.2 huzaa 0.30000000000000004. Kwa sababu hiyo bei ya dola 4.25 huhifadhiwa kama senti 425, namba kamili isiyo na desimali. Hata hivyo si kila sarafu hugawanywa kwa mia: kiwango cha kimataifa cha ISO 4217 huipa dola na faranga ya Kongo tarakimu mbili za desimali, lakini shilingi ya Uganda hakiipi hata moja, na programu inayozidisha kila kiasi kwa 100 itamdai mteja wa Kasindi mara mia ya deni lake.

Sentimi za faranga, kwa upande wake, zimebaki kwenye karatasi tu, kwa hiyo hesabu husawazishwa, yaani hupelekwa kwenye kiasi cha karibu kinacholipika kwa noti. Hapa mpangilio wa hatua una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Tuseme kiwango ni faranga 2,850 kwa dola: bidhaa ya dola 4.25 ni faranga 12,112.5, na ikisawazishwa kwa hamsini huwa 12,100, hivyo dazeni moja hutoa 145,200; jumla ikibadilishwa kwanza ndipo isawazishwe, hutoka 145,350. Faranga 150 si kitu kwa mnunuzi mmoja, ila kwa muuza jumla hurudi katika kila oda, na uamuzi huo ni wa mwenye duka, si wa mwandishi wa programu.

Malipo nayo huchanganyika. Kwa kuwa noti ya dola moja hukataliwa sehemu nyingi nchini, chenji ya dola hutolewa kwa faranga, na pochi za simu, M-Pesa ikiwamo, huweka akaunti ya dola mbali na ya faranga. Oda moja basi yaweza kuwa na sarafu mbili. Kila oda inapaswa kuhifadhi bei ya asili, kiwango kilichotumika na saa yake. Faranga ilipopanda ghafla dhidi ya dola mwaka 2025, baada ya miaka mingi ya kushuka, maduka yaliyoandika kiwango kimoja ndani ya msimbo yaliendelea kudai faranga za jana kwa dola ya leo, na mteja aliyerudisha bidhaa hakuwa na rekodi ya kumwonyesha alistahili kurudishiwa kiasi gani.