Kompyuta ya nyumbani haihitaji programu za wizi

KOMPYUTA iliyomo nyumbani siku hizi si pambo la sebuleni. Ndiyo daftari la hesabu za kikundi, ndiyo mashine ya kuandikia barua ya kuomba kazi, na ndiyo kabati la picha za harusi na nakala za vyeti vya watoto. Lakini nyumba nyingi zilizojaliwa kupata chombo hicho zimo katika hatari ambayo wenyewe hawaijui: programu zilizomo ndani yake ni za wizi.

Mambo aghalabu huwa hivi. Mama aliye mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa hununua kompyuta iliyokwisha kutumika. Muuzaji humwambia kwamba kila kitu kimo ndani. Ni kweli, programu ya kuandikia imo, na ya hesabu imo. Ila zimetiwa humo kwa ufunguo wa kughushi. Miezi michache hupita, na siku ya mkutano wa kugawana faida, programu hukataa kupokea hata tarakimu moja mpaka ilipiwe. Hesabu za wanachama zaonekana kwa macho, lakini hazigusiki. Fundi huitwa, naye huleta ufunguo mwingine wa kughushi alioupata katika intaneti, na pamoja nao huingiza virusi. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Njia ya kuepukana na adha hiyo ipo, ni ya halali, na haidai malipo. Nayo ni kutumia programu huria.

Huria si bure tu

Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno mawili, "bure" na "huru", mahali ambapo Kiingereza hutumia neno moja kwa yote mawili. Programu nyingi hutolewa bure, lakini mwenyewe aweza kuanza kudai fedha siku yoyote apendayo, na mtumiaji hana la kufanya. Programu huria ni jambo jingine. Kila programu huandikwa kwanza kwa lugha ambayo mtu aliyefunzwa aweza kuisoma, kisha hugeuzwa kuwa tarakimu zinazoeleweka na mashine. Makampuni mengi huyaficha maandishi yale ya kwanza. Watungaji wa programu huria huyaweka wazi, na leseni yao humpa kila mtu haki nne: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuichunguza na kuirekebisha, kuwagawia wengine nakala zake, na kuwagawia hata ile aliyoirekebisha mwenyewe.

Mwanzo wa harakati hizi ni mwezi wa Septemba 1983, pale Mmarekani Richard Stallman alipotangaza azma ya kutunga mfumo mzima wa kompyuta ulio huru, alioupa jina la GNU. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alitoa kiini cha mfumo kinachojulikana kwa jina la Linux. Leo kiini hicho ndicho kilichomo katika simu za Android na katika kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kitu huria ni kitu duni.

Programu za kuanzia

Kwa barua, hesabu na maonyesho ya mikutano, ipo LibreOffice. Ilianzishwa mwaka 2010 na watungaji waliojitenga na mradi wa OpenOffice.org, baada ya mradi huo kuangukia mikononi mwa kampuni nyingine. Kwa kuwa maandishi yake yalikuwa wazi, waliyachukua na kuiendeleza kazi bila kumwomba mtu ruhusa. Huo ndio ushahidi wa faida ya uhuru: mwenye mali akibadili nia, kazi haifi. LibreOffice hufungua mafaili ya Word na Excel, huyahifadhi, na kwa amri moja hugeuza barua kuwa PDF.

Kwa kutembelea intaneti, Firefox yafaa. Kwa kutazama filamu na kusikiliza kanda, ipo VLC, iliyotokana na kazi ya wanafunzi wa chuo cha uhandisi École Centrale Paris nchini Ufaransa. Ni nadra kukutana na faili la picha au sauti inayoshindwa kulifungua. Kwa kusafisha na kukata picha, ipo GIMP, iliyoanzishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. GIMP ina vifaa vingi, na anayeanza hana budi kuwa na subira.

Watoto nao hawakusahauliwa. GCompris ina mazoezi zaidi ya 100 kwa watoto wa miaka 2 hadi 10: kutumia kipanya na kibodi, kuhesabu, kusoma saa, na michezo ya kufikiri. Kwa wanafunzi wakubwa, Kiwix huwezesha kuisoma Wikipedia bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, huingia katika flashi ya kawaida, na huwafaa wanafunzi wa mahali ambapo mtandao hukatika au ni ghali.

Yafaa pia kukumbuka kwamba haki ya kurekebisha si maneno matupu. Mwaka 2004, mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri OpenOffice.org kwa Kiswahili na kuiita Jambo OpenOffice. Watafsiri waliichukua programu, wakaiandika upya amri zake kwa lugha ya wananchi, na leseni iliwaruhusu.

Kompyuta kuukuu

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kuirekebisha Windows 10. Kompyuta nyingi za miaka ya nyuma hazikubaliki kwa Windows 11, na wenyewe huambiwa wanunue nyingine. Kabla ya kutumbukia katika gharama hiyo, ni vema kujaribu Linux Mint, mfumo huria unaoweza kuendesha kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni bora zaidi. Mfumo huo huandaliwa katika flashi, na kompyuta huweza kuwashwa kutoka katika flashi hiyo bila kugusa kilichomo katika diski. Mtu huuona kwanza, hujaribu kibodi, sauti na printa, ndipo aamue. Lakini akiamua kuuweka, budi anakili kwanza mafaili yake yote mahali pengine, kwa maana kosa dogo wakati huo laweza kuifuta diski nzima.

Tahadhari

Yako mambo manne ya kuzingatia. Kwanza, programu ichukuliwe kutoka kwa watungaji wenyewe, mathalan libreoffice.org, videolan.org na mozilla.org. Wako matapeli wanaotia virusi katika nakala za programu huria na kuzitandaza mahali pengine. Pili, barua iliyoandikwa kwa Word huenda ikapangika tofauti kidogo katika LibreOffice. Kwa sababu hiyo barua ya kuomba kazi ipelekwe ikiwa PDF, isiyobadilika sura. Tatu, programu chache za kazi maalumu huendeshwa na Windows peke yake. Mwenye kuzitegemea asihame kabla ya kuuliza. Nne, uhuru wa programu hauzuii diski kuharibika. Nakala ya mafaili iwekwe katika flashi, na flashi hiyo isikae katika mfuko mmoja na kompyuta.

Gharama moja haikwepeki, nayo ni ile ya kuziteremsha programu kutoka katika intaneti, kwani LibreOffice peke yake ni megabaiti mia kadhaa. Hata hivyo hapa ndipo haki ya tatu inapoleta nafuu. Mmoja akiisha kuiteremsha, aweza kuinakili katika flashi na kumpa jirani, shule ya kata au kikundi kizima, wala hakuna sheria iliyovunjwa. Kilichokuwa wizi kwa programu nyingine, hapa ni ujirani mwema.

Basi mama yule mweka hazina ana la kufanya kabla ya mkutano ujao. Aiweke LibreOffice katika kompyuta yake, ayafungue humo mafaili yaliyokataa kuguswa, na ayahifadhi kwa mtindo wa ODF, ambao umekubaliwa na Shirika la Kimataifa la Viwango tangu mwaka 2006 na ambao maelezo yake yako wazi kwa mtunga programu yeyote. Kisha amwonyeshe katibu na mwenyekiti namna ya kuyafungua. Hesabu za kikundi ni mali ya wanachama wote, na haifai ufunguo wake ukae mkononi mwa muuzaji aliyekwisha kwenda zake.