Kutu Haingoji Bajeti

Katika uwanja wa ofisi moja ya umma, ambayo hatuitaji kwa kuwa si peke yake, zimeegemezwa pikipiki tatu chini ya mwembe. Tulizihesabu wenyewe juzi. Mlinzi alituambia kwamba injini zake zilikuwa zikiwaka hadi siku zilipowekwa pale. Kilichoziua ni kutu ya fremu, pamoja na karatasi ya kuomba fedha za rangi ambayo imo safarini, meza kwa meza, tangu masika ya mwaka jana.

Hatuandiki haya kwa kutaka kumvunjia mtu heshima. Tunaandika kwa sababu wiki hiyo hiyo, mitaa ya Ng'ambo, tulimkuta kijana mmoja uani kwa mama yake, amekunja suruali, fremu ya pikipiki yake imening'inizwa kwa kamba katika tawi la mpera, naye anaipaka rangi kwa brashi. Hakuwa na mashine ya kupulizia wala karakana. Alikuwa na brashi mbili, msasa, kopo la praima, kopo la rangi ya mafuta, na siku sita za subira.

Sisi watu wa visiwa hatuna pa kuikimbia chumvi. Upana wa Unguja haufiki kilomita 40, kwa hiyo hakuna kijiji kilicho mbali na bahari kiasi cha kuepukana na upepo wake. Chumvi huvuta unyevu na kuharakisha kutu. Na kutu ikishazaliwa hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana huivimbisha rangi na kuibandua kutoka chini. Kuipaka rangi mpya juu ya kutu ni kuifunika shuka. Wazee wetu waliyajua haya katika vyombo vyao: jahazi lilipandishwa pwani, likakwanguliwa, likapakwa sifa mbavuni na deheni chini, na hakuna nahodha aliyesubiri mbao zioze ndipo akumbuke.

Basi kazi kubwa ni kukwangua, si kupaka. Kijana yule alitumia siku tatu kati ya sita kwa hilo. Kwanza alifungua betri, tangi, kiti na magurudumu, kila bolti akaifunga katika kitambaa chake. Akaosha grisi kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na maji, akakausha. Ndipo brashi ya waya, halafu msasa mkali wa namba 80, kisha 120, mwisho 240, hadi chuma kikang'aa. Tulipenda kuona kwamba alikuwa akilowesha msasa kwa maji pale palipokuwa na rangi kuukuu. Rangi za zamani huenda zikawa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba hakijulikani kiwango chochote cha madini hayo kisichokuwa na madhara. Vumbi lake halifai kupeperuka katika ua wenye watoto. Maji nayo hukaribisha kutu, hivyo kila alipolowesha alikausha papo hapo.

Hapo ndipo fremu husema kweli. Aligonga kila bomba kwa kinyundo kidogo, akikagua hasa penye uchomeleaji karibu na shingo ya usukani na pale mkono wa gurudumu la nyuma unaposhikia. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hujibu kwa sauti ya kufa. Palipopasuka au kutoboka hapatibiwi kwa rangi, hapo aitwe mchomeleaji stadi. Tunalisema hili kwa mkazo, maana tumeona pikipiki zinazong'aa kama harusi huku ndani zimekwisha, na juu yake amekaa abiria aliyelipa nauli.

Kuna sehemu ambazo brashi haifai kuzigusa: nyuzi za bolti, vikombe vya beringi, na pale waya wa hasi unapofungwa kwenye fremu, kwani umeme haupiti katika rangi. Lililo zito zaidi ni namba ya fremu, ambayo mara nyingi hupigwa shingoni. Asiikwangue mtu kwa mashine wala kuizika chini ya rangi nzito. Kadi ya usajili huitaja namba hiyo na rangi ya chombo, na mwenye pikipiki isiyosomeka hana la kujitetea mbele ya askari. Aliyebadilisha rangi apeleke taarifa; naye ofisa asimpokee kama mwizi.

Praima ilipakwa asubuhi, jua lilipokwisha kunywa umande, siku hiyo hiyo chuma kilipomalizwa, kwa sababu chuma kitupu kikilala usiku mmoja katika hewa yetu huamka na wekundu. Kisha mikono miwili ya rangi, myembamba, kila mmoja ukingoja siku nzima na kusuguliwa kidogo kwa msasa wa maji wa namba 400. Brashi huanza katika kona za chini na za ndani, kisha huvutwa kwa urefu wa bomba, wala hairudi pale rangi ilipoanza kushika. Alama za brashi zilibaki, ukitazama kwa karibu. Mwenyewe alicheka, akasema abiria hatazami kwa karibu.

Tunamwomba mkuu wa ofisi yenye mwembe awape vijana wake wawili msasa, makopo mawili na ruhusa ya wiki moja. Siku za kaskazi zingali kavu, na mvua za masika hazianzi hadi Machi.