Kupima Hatari ya Mto na Mlima

Siku ya 4 Mei 2023, katika teritware ya Kalehe, Kivu ya Kusini, mvua kubwa ilinyesha milimani. Mito ikashuka na matope, mawe na miti, ikaharibu vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, kando ya Ziwa Kivu. Kule Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa.

Kwa nini watu hupenda kujenga mahali kama pale? Kwa sababu ni tambarare, na udongo wake ni mzuri. Lakini nani aliuleta udongo ule? Ni mto wenyewe, kwa mafuriko ya zamani. Mahali mto ulipofika zamani, unaweza kufika tena.

Basi, kabla ya kujenga, fanyeni hivi:

1. Waulizeni wazee: maji yalifika wapi?

2. Tafuteni mawe makubwa yaliyo mbali na mto. Mawe hayatembei, maji ndiyo yaliyasukuma.

3. Pandeni mlimani. Mkiona nyufa mpya, miti iliyoinama, au chemchemi mpya, mlima unataka kuanguka.

4. Tazameni machimbo. Mashimo huingiza maji ndani ya mlima. Udongo ukitupwa mtoni huziba njia ya maji.

Na mvua ikinyesha, kisha mto ukapungua ghafula, msifurahi. Labda umezibwa huko juu, na utapasuka. Wachukueni watoto na wazee, mkimbilie mahali palipoinuka, mbali na mto. Msirudi kuchukua vyombo. Mali itapatikana tena, mtu hapatikani.