Msanii wako kabadilika: umfuate au umwache? Taarab ya Tanga ina jibu

Ukipita kwenye kijiwe cha kahawa Chumbageni, jijini Tanga, jioni jua likishapoa, hukosi kukuta simu moja imeunganishwa na spika ndogo. Mzee akiomba taarab ya zamani, kijiwe kinatulia. Kijana akidakia na kuweka rusha roho ya juzi, au Bongo Fleva iliyochanganywa na amapiano, kesi inafunguliwa hapohapo.

"Huyu mbona kaharibu? Zamani alikuwa anaimba huyu!"

"Mzee wangu, dunia inaenda. Ulitaka aimbe vilevile mpaka lini?"

Kahawa inaisha, kesi haiishi. Na wala si ya Chumbageni peke yake. Kila anayempenda msanii kwa miaka mingi hukutana nayo siku moja: mtu uliyekua naye kwenye redio anatoa wimbo mpya, unausikiliza mara mbili, tatu, humtambui. Unafanya nini? Unamtetea? Unamhama? Au unabaki na zile za zamani na kujifanya hizi mpya hazipo?

Mwambao wa Tanga una historia inayosaidia kujibu swali hilo.

"Asili" ilikuwa mpya

Mashabiki wengi wa rika la juu huiita taarab ya miaka ya 1960 na 1970 kuwa ndiyo taarab ya asili. Kwa Tanga, majina mawili hutajwa kwanza: Black Star Musical Club na Lucky Star Musical Club. Santuri zao zilisikika mwambao mzima mpaka Mombasa, na mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilikusanya baadhi ya nyimbo za vikundi hivyo viwili kwenye albamu moja iliyoitwa Nyota.

Lakini hebu turudi nyuma kidogo. Taarab ilipoingia Zanzibar enzi za Sultan Barghash, karne ya 19, ilikuwa burudani ya jumba la kifalme, yenye mizizi ya Misri na maneno ya Kiarabu. Kikundi cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kililelewa katika mkondo huo wa udi, kanuni na fidla. Kisha akaja Siti binti Saad, mwanamke wa shamba, akaimba kwa Kiswahili mambo ya watu wa kawaida. Mwaka 1928 alirekodi santuri Bombay, na taarab ikatoka ikulu ikaingia uswahilini.

Watu wa Tanga wakaja na mabadiliko yao. Waliingiza gitaa la umeme na gitaa la besi, wakapunguza ukubwa wa kundi, wakaufanya mdundo uchezeke na kusogea karibu na muziki wa dansi. Kwa sikio lililozoea okestra ya Kiunguja, ule ulikuwa ugeni mtupu.

Yaani kile ambacho mzee wa kijiweni anakitetea leo kama asili, kilikuwa ndicho kipya cha wakati wake. Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa, lakini methali haisemi asili inaanzia mwaka gani. Mara nyingi, kwa shabiki, inaanzia pale yeye alipokuwa kijana.

Shakila: sauti ile, nyumba tofauti

Mfano mzuri zaidi ni Shakila Said, mzaliwa wa Pangani, kusini kidogo mwa jiji la Tanga. Alianza kuimba akiwa binti mdogo, akapata jina na Black Star, akaimba na Lucky Star, na baadaye akahamia Dar es Salaam kwenye kikundi cha taarab cha JKT. Wimbo wake wa Macho Yanacheka unajulikana hata na watu ambao hawajawahi kukanyaga Tanga.

Kila alipohama, mashabiki walikuwa na uamuzi wa kufanya. Aliyependa kundi alibaki na kundi. Aliyependa sauti alihama na sauti. Hakuna aliyekosea, ila kila mmoja aligundua kile alichokuwa akikipenda tangu mwanzo.

Hapo ndipo penye siri. Tunaposema "nampenda msanii fulani", huwa tumefungasha vitu vingi kwenye mzigo mmoja: sauti yake, wapigaji wake, mtunzi anayemwandikia, mdundo, na kipindi cha maisha tulichokuwa nacho. Mabadiliko yakija, mzigo unafunguka. Mara nyingi kinachokuwa kimebadilika ni kimoja au viwili tu, sisi tunalia kama vimeondoka vyote.

Ndugu wawili wa Kinyonga

Kwenye dansi nako ni hivyohivyo. Wilson na George Kinyonga walipiga Tanga na Jamhuri Jazz miaka ya 1960, wakaenda Arusha, na mwaka 1971 wakavuka mpaka hadi Kenya, ambako waliunda Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitenga na kuanzisha Les Wanyika, waliotikisa Afrika Mashariki kwa wimbo wa Sina Makosa.

Jina lao ni Kinyonga, lakini hawakubadilika rangi sana: walibaki na gitaa tamu na Kiswahili kinachoeleweka. Waliobadilika ni mji, nchi na wenzao wa jukwaani. Shabiki wa Tanga aliyewapenda kama watoto wa nyumbani ilibidi awasikilize kutoka Nairobi. Na waliposambaratika, wengi waliishia kupenda makundi yote mawili. Kuachana kwa wasanii hakumlazimu shabiki kuchagua upande.

Kwa nini inauma hivyo?

Kwa taarab, jibu liko kwenye kutunza.

Ukumbini shabiki hakai tu akasikiliza. Wimbo ukifika ubeti unaomgusa, mama anainuka, anatembea kwa madaha mpaka mbele, noti mkononi, anamtunza mwimbaji. Kila aliyepo anajua hapo pana jambo: mke mwenza, jirani mwenye mdomo, au mume aliyezidisha safari. Mama hajatamka neno, lakini kasema. Mwimbaji kamwazima mdomo.

Taarab ya zamani ilimwezesha kufanya hivyo kwa usalama kwa sababu ilijaa mafumbo. Ukiulizwa, unajibu: "Mimi nimependa wimbo tu." Mipasho ilipoanza kutawala, hasa miaka ya 1990, maneno yakawa ya wazi. Dar es Salaam ilishuhudia upinzani mkali kati ya TOT, kundi lililoanzishwa mwaka 1992 likiwa na Khadija Kopa, na Muungano, alikokuwa Nasma Khamis. Kumbi zilijaa. Lakini kwa mwanamke aliyezoea kusema kwa fumbo, kuinuka kwenye wimbo wa kijembe cha wazi ni jambo jingine kabisa. Ukumbi mzima utajua kamlenga nani, na hakuna pa kujificha.

Kwa hiyo akisema "taarab imeharibika", usidhani anazungumzia kinanda tu. Kanyang'anywa njia yake ya kusema. Binti yake naye anaona kinyume: "Mafumbo yenu hatuyaelewi. Sisi tunataka liseme lilivyo." Naye yuko sahihi, maana kapata mdomo unaomfaa.

Umri nao una kazi yake

Watafiti wameligusa jambo hili. Mwaka 1989, Morris Holbrook na Robert Schindler wa Marekani walichapisha utafiti wa watu 108 waliosikilizishwa nyimbo za miongo tofauti. Kwa wastani, wimbo uliopendwa zaidi ulikuwa ule uliovuma msikilizaji akiwa na umri wa takriban miaka 23 na nusu. Ndiyo maana shabiki wa miaka 60 na shabiki wa miaka 25 wanaweza kumsikiliza msanii mmoja na kila mmoja akaapa kwamba kipindi chake ndicho kilikuwa bora.

Kuna na upande wa pili wenye faraja. Mwaka 2013, Carol Krumhansl na Justin Zupnick waligundua kwamba vijana huwa na mapenzi na kumbukumbu nzuri pia kwa nyimbo za ujana wa wazazi wao. Kinachopigwa sebuleni kinaingia kwa watoto bila hata wao kujua. Wimbo wa Shakila uliokuwa ukipigwa mama akisonga ugali hautoki kichwani mwa mtoto.

Msanii naye ana tumbo

Kabla ya kumlaumu msanii, tazama anaishi vipi. Zamani vikundi vingi vya Tanzania vilikuwa na mwajiri nyuma yake: jeshi, shirika la umma, chama. Mwanamuziki alikuwa na mshahara. Milango ya biashara ilipofunguliwa na ulezi huo kupungua, bendi ilibidi ijilipe yenyewe. Fidla tano, udi na kanuni ni watu saba wa kulisha, kuvalisha na kusafirisha. Kinanda kimoja kinaiga sauti zote hizo na anayekipiga ni mtu mmoja.

Shabiki anaona uvivu wa msanii, kumbe ni hesabu ya nauli.

Ni kweli, yapo pia mabadiliko ya kulewa sifa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na shabiki ana haki ya kusema tembo hili lina maji. Mpenzi wa kweli si lazima awe mpiga makofi wa kila kitu.

Akiacha kabisa je?

Yapo mabadiliko makubwa kuliko mdundo. Mzee Yusuf, aliyelijenga kundi la Jahazi Modern Taarab na kuitwa mfalme wa taarab na mashabiki wake, alitangaza mwaka 2016 kuachana na muziki na kushika dini. Miaka michache baadaye akarudi jukwaani. Mara zote mbili mashabiki waligawanyika: wapo waliomwombea heri alipoondoka, wapo waliohoji aliporudi.

Tukio hilo linaonyesha mpaka ambao shabiki husahau. Nyimbo alizokwisha kuzitoa ni zako kuzipenda. Maisha yake si yako kuyapanga. Unaweza kuendelea kusikiliza, unaweza kuacha, lakini kumtukana mtu kwa kufuata dhamiri yake, au kwa kurudi kwenye kazi anayoijua, hakuna uhusiano na kupenda muziki.

Basi shabiki afanye nini?

Kwanza, jua unachokipenda. Msanii akibadilika, jiulize: nimekosa sauti, maneno, mdundo, au nimeukosa ujana wangu? Kama ni la mwisho, hakuna albamu itakayokurudishia.

Pili, mpe wimbo mpya nafasi zaidi ya moja. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukutana na kitu mara kwa mara peke yake kunatosha kuongeza kukipenda. Wengi huukataa wimbo siku ya kwanza, wakajikuta wanauimba bafuni wiki ya pili. Ukishasikiliza vya kutosha na bado haujakuingia, basi, haujakuingia.

Tatu, kosoa kazi, muache mtu. "Wimbo huu haujanigusa" ni neno la muungwana. "Kaisha huyu" linamuumiza mtu na halimfundishi kitu.

Nne, na hili ndilo linalosahaulika: tunza. Ukumbini noti ilitoka mkononi mwa shabiki ikaingia mkononi mwa mwimbaji. Kwenye simu, wimbo unatumwa kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, unafika kwa watu elfu, na aliyeuimba hapati hata nauli ya bodaboda. Anayesema anampenda msanii wa zamani lakini anazunguka na nyimbo zake za kunakili, anapenda kumbukumbu zake mwenyewe. Msikilize kwenye majukwaa yanayomlipa. Akipiga karibu na kwako, lipa kiingilio, hata kama unajua nusu ya onyesho litakuwa la nyimbo mpya usizozijua.

Maana msanii hakai milele. Shakila alifariki Agosti 2016, na siku zile simu zilijaa nyimbo zake na maneno mazuri. Maneno hayo yangemfaa zaidi akiwa hai, yakiwa na noti mkononi.

Sisi Waswahili nyimbo za zamani tunaziita zilipendwa. Ukilitazama vizuri, neno lenyewe linasema mapenzi yamekwisha kupita. Kijiweni Chumbageni mambo ni tofauti: mzee akiimaliza kahawa yake na kuondoka, yule kijana aliyekuwa akibishana naye hubaki na spika, na mara nyingine, kabla hajaweka ya kwake, anaurudia kwanza ule wimbo wa mzee.